Umemaliza shahada ya fizikia: njia zilizopo, zikiwekwa mbili mbili

Aliyehitimu udaktari wa binadamu anaijua hatua inayofuata: mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha usajili. Aliyehitimu sheria anajua Shule ya Sheria inamsubiri. Aliyehitimu fizikia huvaa joho, hupiga picha na wazazi, na kabla wiki haijaisha shangazi ameshauliza, "Sasa wewe, mwanangu, umesomea kuwa nani?" Akiingia Ajira Portal kutafuta jibu, tangazo analolikuta mara nyingi ni la mwalimu. Ndiyo maana wengi huamini kwamba fizikia ni ualimu au ni kukaa nyumbani.

Njia ni nyingi kuliko hivyo, ila kila moja ina masharti yake. Kazi nyingi zinazomhitaji mwanafizikia hazitangazwi kwa jina hilo, na karibu zote zinadai kitu juu ya shahada ya kwanza: stashahada ya uzamili, shahada ya uzamili, leseni, au ujuzi wa kompyuta ambao mwajiri anaweza kuuona. Kwa hiyo sitaanza na mshahara. Nitaanza na swali ambalo naona huamua maisha ya mhitimu kabla mshahara haujaingia: utangoja muda gani kabla ya kulipwa, na katika muda huo nani anakulisha? Baada ya hapo ndipo naangalia fizikia inabaki kiasi gani katika kazi ya kila siku, na kazi itakupeleka kuishi wapi. Naandika hasa kwa aliyesoma Tanzania. Wa Kenya na Uganda watakuta mengi yanafanana, majina ya taasisi yakitofautiana.

Darasani au kwenye data

Vijana wengi wanaoniomba ushauri huja na swali hili hili: nikafundishe, au niingie kwenye data?

Kwa aliyesoma fizikia pamoja na elimu, iwe Mlimani, DUCE, Mkwawa au Dodoma, ualimu haudai karatasi nyingine. Anaomba, anafanya usaili, akipangiwa kituo anaanza kwenye daraja la mshahara la TGTS D. Aliyesoma fizikia bila elimu anahitaji kwanza stashahada ya uzamili katika elimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huitoa, na unaweza kuisoma huku ukiendelea na shughuli nyingine. Shule binafsi huajiri haraka kuliko serikali, na baadhi hulipa vizuri, lakini usisaini mkataba kabla ya kuusoma wote. Michango ya NSSF inapelekwa? Mwezi wa likizo unalipwa? Na kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi, uwe mwalimu au mtu wa benki. Linganisha fedha itakayofika mkononi, achana na ile iliyoandikwa kwenye barua.

Fizikia inayobaki darasani ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto amesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza anakutana na fizikia kwa Kiingereza, katika darasa lililojaa na maabara yenye vifaa vya kuhesabika. Kumfanya aone kwa nini msumari unazama na meli ya chuma haizami ni kazi inayotaka mtu aliyeielewa fizikia yenyewe, maana aliyekariri hukwama kwenye swali la kwanza la mwanafunzi mdadisi. Fizikia na hisabati ndizo zinazoliza watu kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Shule nyingi za kata zina mwalimu mmoja wa fizikia kwa vidato vyote vinne, na nyingine hazina hata huyo. Ukiwa mwalimu mzuri wa somo hili, wilaya nzima itakujua.

Kasoro ya ualimu iko kwingine. Kupangiwa kunaweza kuchukua muda, na wengi hujitolea shuleni kwa posho ndogo wakisubiri. Kituo unaweza kupangiwa Kakonko au Nanyumbu wakati mipango yako yote ilikuwa Dar es Salaam. Kupanda daraja ni kwa ngazi za utumishi wa umma, na bidii yako ya mwaka huu haiufanyi mshahara wa mwakani uruke.

Upande wa data hakuna mlango rasmi. Benki, kampuni za simu, kampuni za bima, mashirika yanayofanya tafiti za afya: wote wanahitaji mtu wa kusafisha takwimu, kuzichambua na kuziandikia ripoti inayoeleweka. Mwanafizikia anakuja na tabia moja ya thamani kubwa. Maabara imemfundisha kwamba kila kipimo kina kosa lake, na kwamba jibu lisiloonyesha ukubwa wa kosa hilo halijakamilika. Nimeona ripoti nyingi ambazo mtu mmoja mwenye tabia hiyo angeziokoa.

Lakini kwenye foleni hiyo hauko peke yako. Wapo wahitimu wa Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni, wapo wa sayansi ya kompyuta, wapo wa hisabati ya bima, na wengi wao wameshika zana za uchambuzi tangu wakiwa chuoni. Ukipeleka cheti cha fizikia peke yake, usishangae usipoitwa. Utaitwa ukiwa na kazi ya kuonyesha. Chukua takwimu za wazi, kwa mfano za Sensa ya 2022 iliyohesabu watu 61,741,120, uliza swali moja la maana kuhusu mkoa wako, lijibu kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kisha weka kazi hiyo mtandaoni mahali mwajiri anaweza kuisoma mstari kwa mstari. Kazi mbili tatu za namna hiyo zina uzito kuliko rundo la vyeti vya kozi fupi.

Kungoja kwa data ni kungoja kwa kompyuta na bando, nyumbani kwa mtu, bila uhakika wa siku ya mwisho. Na fizikia yenyewe itabaki kidogo sana. Usipoipenda biashara ya watu wengine, yaani wateja wao, mikopo yao, miamala yao, utachoka mapema.

Nikilazimishwa kuchagua kwa niaba ya mtu, nasema hivi. Kama una cheti cha elimu na kuna wadogo zako wanaosubiri ada, nenda kafundishe, na jioni jifunze Python. Mwalimu anayejua kuchambua takwimu hafungiwi popote. Kama huna cheti cha elimu na mradi wako wa mwaka wa mwisho hukuugusa kwa kompyuta kabisa, usiweke matumaini yako yote kwenye data. Anza na kitu kinacholipa.

Hospitali au hali ya hewa

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ni kazi mbili ambazo fizikia inafanywa kila siku, kwa ajili ya watu wanaoitegemea bila kujua.

Fizikia tiba wengi hawajaisikia. Fikiria Taasisi ya Saratani Ocean Road, au hospitali ya Bugando kule Mwanza. Mgonjwa ameandikiwa grei 50 za mionzi (grei ni kizio cha dozi) katika vipindi 25, maana yake kila anapolala kwenye kitanda cha mashine anatakiwa apate grei 2, na zifike kwenye uvimbe bila kuunguza uti wa mgongo ulio jirani. Daktari ndiye anayeandika dozi, na mtaalamu wa tiba ya mionzi ndiye anayeendesha mashine. Anayethibitisha kwamba hizo 2 ni 2 kweli ni mtu wa fizikia. Mashine ya kobalti-60, kwa mfano, hupoteza nusu ya nguvu yake katika miaka 5.27, karibu asilimia 1 kila mwezi. Muda wa matibabu uliokuwa sahihi Januari, Juni unampa mgonjwa dozi pungufu. Lazima mtu apime, akokotoe upya, aweke saini. Kwenye mashine za LINAC, zinazotengeneza mionzi kwa umeme na ambazo Ocean Road ilianza kuzitumia 2018, hesabu ni nyingi zaidi, na ukaguzi wa asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza ni wa lazima.

Uzito wa kazi hii Uganda waliuona kwa uchungu. Mwaka 2016 mashine yao pekee ya tiba ya mionzi, iliyokuwa hospitali ya Mulago, iliharibika moja kwa moja, na hadi mpya ilipozinduliwa mwanzoni mwa 2018 wagonjwa walilazimika kutafuta matibabu nje ya nchi. Mashine hununuliwa kwa fedha. Mtu wa kuipima hutengenezwa kwa miaka.

Miaka hiyo ndiyo bei ya njia hii. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, linapendekeza shahada ya uzamili, kisha angalau miaka miwili ya mafunzo hospitalini chini ya msimamizi. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichopo Trieste, Italia, pamoja na Chuo Kikuu cha Trieste, wana programu ya miaka miwili ya fizikia tiba: mwaka wa darasani na mwaka wa hospitali. Baadhi ya nafasi hufadhiliwa, na wanaotoka nchi zinazoendelea ndio waliolengwa. Ushindani ni mkali, lakini hii ni njia halisi, wala si ndoto. Bila ufadhili, sikushauri ukope fedha za ukoo kwenda kusoma fizikia tiba kwa gharama zako.

Sasa iweke pembeni ya hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, iliyotoka kuwa wakala na kuwa mamlaka kwa sheria ya 2019, inahitaji watu wanaoelewa joto, mgandamizo na mwendo wa hewa, na hiyo ni fizikia ya mwaka wa kwanza na wa pili ikiwa imevaa nguo za kazi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina mtaala wa msingi ambao kila mtabiri wa ngazi ya shahada anapaswa awe ameupitia. Mhitimu wa fizikia mwenye hisabati ya kutosha huupata kwa masomo ya nyongeza baada ya shahada, muda mfupi kuliko ule wa fizikia tiba. Shida ni kwamba Mlimani kuna shahada ya kwanza ya hali ya hewa, na mhitimu wake haanzi na deni hilo la masomo. Chuo cha hali ya hewa cha Kigoma nacho hutoa mafunzo ya ngazi za chini, kwa hiyo kazi za uangalizi vituoni zina watu wake tayari. Wewe unashindania meza ya utabiri na utafiti.

Maisha ya meza hiyo ni ya zamu. Ndege zinatua usiku, na rubani anataka taarifa ya upepo saa tisa usiku kama anavyoitaka saa tisa mchana. Mwenye usingizi mzito afikirie mara mbili.

Kuna tofauti moja kati ya kazi hizi mbili ambayo hakuna tangazo litakalokueleza: kosa lako linaangukia wapi. Hospitalini linamwangukia mgonjwa mmoja, kimyakimya, na huenda lisionekane kwa miezi. Ndiyo maana kazi ile inataka mtu wa kurudia hesabu, asiyeona aibu kumwambia daktari bingwa, "Samahani daktari, tusianze bado, namba hii haijakaa sawa." Katika utabiri kosa ni la hadharani. Aprili 2019 watu wa Mtwara walitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth, ofisi zikafungwa, kisha kimbunga kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji, na wapo waliobeza. Hata hivyo tahadhari ile ilikuwa halali, maana kimbunga kilipita karibu mno. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani na kufika Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa macho wakisoma picha za setilaiti. Mtabiri lazima aweze kusema "uwezekano ni mkubwa" leo, abezwe kesho, na keshokutwa aseme tena bila kuogopa.

Mtulivu, mpole, mwenye subira ya miaka minne au mitano na matokeo mazuri: hospitali. Anayeweza kuamua kwa haraka akiwa na taarifa pungufu, na kuieleza kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Kilwa ataelewa: hali ya hewa.

Mionzi na vipimo, kwa asiyeweza kungoja

Kuna taasisi ambazo shahada ya kwanza inatosha kuanzia, na nashangaa jinsi wahitimu wanavyozipita. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, yenye ofisi na maabara Arusha na iliyopo kwa sheria ya 2003, hukagua mashine za eksirei hospitalini, vyanzo vya mionzi migodini, na hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Kazi hii inakaribia sana fizikia tiba bila kudai miaka ile yote, na ukiwa ndani ni rahisi zaidi kusikia ufadhili wa IAEA unapotangazwa. Kwa anayeitamani hospitali lakini hana nauli ya kungoja, naona hapa ndipo pa kuanzia.

Wakala wa Vipimo ni njia nyingine. Pampu za mafuta, mizani ya pamba na korosho, mapambano na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo na kumnyonya mkulima: hayo yote ni fizikia ya kipimo, na ni haki ya mtu wa kawaida. Shirika la Viwango, TBS, nalo lina maabara za ugezi, ambako mizani na vipimajoto vya viwanda vinathibitishwa. Ushindani unatoka Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, ambako mizani na vipimo vinafundishwa kama fani kamili. Mazingira haya yanamfaa anayependa usahihi na utaratibu. Anayetaka ugunduzi atajisikia amebanwa.

Ardhini

Geofizikia nitaiweka pembeni ya sola, kwa kuwa zote mbili zinamtoa mtu ofisini.

Wa geofizikia hupima kilicho chini bila kuchimba. Anatumia usumaku, mvutano, mitetemo, au anapitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani. Taasisi ya Jiolojia iliyopo Dodoma inaifanya, migodi ya dhahabu ya Geita na kwingineko inaifanya, na katika jotoardhi mambo yako Kenya zaidi: Olkaria inazalisha umeme tangu 1981, na wataalamu wa ukanda huu kwa miaka mingi wamepelekwa Iceland kwa mafunzo ya miezi sita. Kwetu, mradi wa jotoardhi wa Ngozi kule Mbeya bado uko katika hatua za awali. Ajira za madini na nishati hufuata mradi. Mradi ukiwepo fedha ni nzuri, ukiisha unarudi nyumbani. Utashindana na wanajiolojia, ambao wanajua miamba kukuzidi, wakati wewe unajua kifaa na hesabu kuwazidi, hivyo shahada ya uzamili ya geofizikia ndiyo inayokupa nafasi ya kudumu. Kilicho karibu zaidi na mhitimu wa kawaida ni upimaji wa maji kwa ajili ya visima. Vijiji, shule, misikiti, makanisa na wakulima wanachimba visima kila mwaka, na kisima kikavu ni hasara ya mamilioni. Jiunge kwanza na kampuni yenye kibali na kifaa, jifunze kusoma matokeo chini ya mtu mzoefu, ndipo ufikirie cha kwako.

Sola inaingia haraka: kozi fupi VETA, leseni ya ufungaji kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na wateja wapo. Ila ujue mpaka wake. Shahada ya fizikia haikufanyi mhandisi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inasajili waliosomea uhandisi. Wanaotarajia kuingia TANESCO kama wahandisi kwa cheti cha fizikia hupoteza miaka.

Utafiti na chuo kikuu

Njia hii ni fupi kuieleza kwa sababu namba zinaamua. Matangazo ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vya umma kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8 kati ya 5, na kwa mwenye uzamili 4.0. Ukiwa chini ya hapo, mlango wa ndani ni mgumu, lakini utafiti wenyewe haujafungwa. Kigali kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, inayotoa shahada ya uzamili ya sayansi za hisabati kwa ufadhili kamili, na kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa kimsingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na ICTP, kituo kile kile cha Trieste kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Arusha kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Omba hizo zote kabla ya kuuza kiwanja cha baba kulipia chuo Ulaya.

Fizikia hapa inabaki yote, na kungoja ni kurefu kuliko kote. Ninawapenda sana wanaoichagua, na ninawaomba waichague wakijua kwamba wenzao wa darasa moja watakuwa wamejenga wakati wao bado wanaandika tasnifu.

Kama ungali mwaka wa tatu

Una nafasi ambayo aliyehitimu hana: mradi wa mwaka wa mwisho. Usiuchukue ule ambao kaka wa mwaka jana ameuacha. Anayeitaka hospitali aombe kupima dozi za eksirei kwenye hospitali ya jirani. Anayeitaka hali ya hewa achukue mvua za miaka thelathini za mkoa wake na kuzichambua kwa kompyuta, na huyo atakuwa ameshajifungulia na njia ya data. Anayeitaka ardhi apime ukinzani kwenye eneo la kisima kilichokwisha kuchimbwa, alinganishe hesabu zake na kina ambacho maji yalipatikana. Na kabla hujaondoka chuoni, waendee walimu wawili wanaoijua kazi yako, uwaombe kwa adabu wakubali kuwa wadhamini wako wa kitaaluma. Programu za Trieste na Kigali huomba barua zao, na mwalimu aliyeona mradi wako akiwa bado anaukumbuka ataandika barua yenye maelezo, si mistari mitatu ya jumla.